Khului ya Mwalimu Safura

Barua ya kukataliwa viza ilimkuta mwalimu Safura Bano nyumbani kwao mjini Dina, Pakistani, amekaa barazani anachambua majani ya haradali. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaendelea kuchambua. Mama yake alipouliza kulikoni, alimjibu kwamba Waingereza wanasema yeye bado ni mke wa Qaiser.

Mama alishika kichwa. Qaiser alimtamkia Safura talaka miaka sita iliyopita, mbele ya kaka zake, akamwandikia na karatasi. Mtaa mzima ulijua. Safura alikaa eda ikaisha, akarudi kufundisha hesabu shule ya wasichana. Qaiser akaoa mwingine, wakapata watoto watatu. Mwaka jana ndipo Safura alipoposwa na Munawar, mtu wa kijiji cha jirani aliyefiwa na mkewe, dereva wa basi huko Bradford, Uingereza. Walipanga aende kwa viza ya mchumba, wafunge ndoa hukohuko, ili mabinti wawili wa Munawar washuhudie.

Kesho yake alikwenda baraza la kata. Karani, mzee Latif, alilipekua daftari la mwaka ule ukurasa kwa ukurasa. Hapakuwa na kitu. Alimweleza kwamba mume akitoa talaka hulazimika kupeleka taarifa ya maandishi kwa baraza, zihesabiwe siku tisini, ndipo hati itoke. Qaiser hakuleta taarifa yoyote.

"Kwa hiyo msikitini nimeachika, serikalini sijaachika?" Safura aliuliza.

"Ndiyo hivyo, mwalimu. Na hao wa viza wanataka ya serikali."

Latif alimshauri amwendee Qaiser, alete taarifa hata sasa. Safura akaenda na kaka yake mkubwa, Tanvir. Walimkuta Qaiser kwenye duka lake la matairi. Habari za Bradford zilikuwa zimeshamfikia. Aliwaagizia chai, akajiegemeza kwenye kiti akitabasamu.

"Kumbe bado u mke wangu," alisema. "Basi huyo dereva wako anipigie simu mwenyewe, aniombe vizuri."

Tanvir aliinuka akikunja mikono ya shati. Safura alimvuta akaketi.

"Sikuja kuomba, Qaiser. Nimekuja kukupa nafasi umalize ulichokianza. Kama huitaki, nitamaliza mwenyewe."

Alikunywa chai yake yote, akaaga.

Njiani Tanvir alitaka kujua atamalizaje. Safura akamwambia kwamba mahakama ya familia anaipita kila siku akienda kazini. Safari hii ataingia. Wiki hiyohiyo alimpata wakili, Shaheena, mwanamke mfupi mwenye maneno ya haraka, wakafungua kesi ya khului, talaka anayoiomba mke mwenyewe. Sharti lilikuwa arudishe mahari, bangili mbili za dhahabu. Mama alizitoa sandukuni shingo upande.

"Watu watasema umeachwa mara mbili," alinung'unika.

"Safari hii waambie ni mimi niliyeacha, Mama."

Mbele ya jaji, Qaiser alicheka kwanza. Alisema yeye alishamwacha mwanamke huyu zamani, kesi ya nini? Jaji akaomba hati ya talaka. Qaiser hakuwa na hati ya baraza. Alipoambiwa kwamba kisheria huyu bado ni mkewe, alikasirika, akadai basi arudi nyumbani. Jaji akamgeukia Safura, akamuuliza kama kuna njia ya kupatana.

"Mheshimiwa, nyumba hiyo ina mke na watoto watatu," Safura alisema. "Mimi nina wanafunzi arobaini na mchumba anayenisubiri. Sirudi."

Hukumu ilitoka siku ileile, nakala ikapelekwa baraza la kata, siku tisini zikaanza kuhesabiwa. Munawar alipiga simu kila Ijumaa. Aliwahi kuuliza kama hawawezi kufunga ndoa kwa simu, wayamalize.

"Umeendesha basi miaka ishirini," Safura alimwambia. "Taa nyekundu unaijua."

Munawar alicheka, hakuuliza tena.

Siku mzee Latif alipomkabidhi hati yenye mhuri, Safura alishukuru, akatoka, akaketi kwenye ngazi za baraza. Miaka sita alikuwa amejiona mtu huru, kumbe Qaiser angeweza kumzuia wakati wowote, na asingejua. Aliisoma hati yote, kisha akaenda kutoa nakala.

Maombi ya pili aliyapanga mwenyewe: hukumu, hati, tafsiri zake, na barua ya Shaheena iliyoeleza kwamba Safura na Qaiser waliishi Pakistani siku zote na mahakama ya nchi yao ndiyo iliyowatenganisha. Viza ilitoka wakati matunda ya forosadi yameiva.

Huko Bradford, msajili wa ndoa aliuliza kama bibi harusi aliwahi kuolewa. Munawar alikohoa, akaanza kueleza kwa mzunguko. Safura alimgusa mkono anyamaze, akafungua mkoba, akaziweka karatasi mezani moja baada ya nyingine. Mabinti wakasogea kuziangalia.