Kwa mnaouliza "kwa matokeo haya napata chuo?": mimi niliulizwa jina la mama

Wakuu, nianze na marahaba kabisa, maana sidhani kama humu ndani yupo wa kumpa shikamoo. Nimepita themanini na kitu. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu ya mjukuu, makosa ya herufi mnistahi.

Nitakayoyasema yalinipata mimi mwenyewe. Anayeona ni chai, anywe na kitafunio, sitagombana naye.

Kila msimu wa matokeo nakuta nyuzi za vijana: "Wakuu, nina pointi kadhaa, nina chansi chuo fulani?" Basi wanajitokeza watabiri. Huyu anasema umepita hiyo, yule anasema hapo sahau. Hawamjui mtoto, hawamjui aliyemzaa. Mimi nyuzi hizo zinanisisimua mwili, na sababu yake ndiyo hii.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Tanga mjini, Ngamiani.

Nyumba yetu ilikuwa na Bakari wawili. Baba yangu na kaka yake, kila mmoja alimpa mwanawe wa kwanza jina la babu, kama desturi ilivyo. Kwetu pwani mwenye jina kama lako ni somo yako. Basi yeye aliniita Somo na mimi nilimwita Somo, na tukiitwa kwa pamoja tuliitika kwa pamoja. Humu nitamwita hivyo hivyo.

Mama yake Somo ni Mwanahawa.

Mama yangu mimi, aliyenizaa, ni Zaina. Aliachika nikiwa na miezi miwili, naye mgonjwa hana maziwa, akarudi kwao Mwera, upande wa Pangani. Mwanahawa alikuwa ananyonyesha, akatupakata wote wawili, mmoja huku na mmoja huku. Kwa hiyo mama nilimjua Mwanahawa. Nikiulizwa njiani, "Wewe Bakari wa nani?" nilijibu wa Mwanahawa, na hakuna aliyewahi kunisahihisha.

Hapo mpashike vizuri.

Tulisoma pamoja mpaka darasa la kumi na mbili, shule ya bweni. Wakati huo chuo kikuu kilikuwa kimoja tu kwa nchi zetu hizi zote, kiko Uganda, na kilikuwa na mtihani wake wa kuingilia. Nyie mnalia na ushindani, sisi shule nzima ikipeleka wawili ilikuwa sherehe.

Mkuu wetu wa shule, Mzungu mmoja mrefu mwenye kikohozi, alitengeneza orodha ya wanaoweza kujaribu. Mbele ya kila jina aliweka alama kwa penseli. Somo alipata vema. Mimi nilipata kiulizo.

Si alama ya kukatwa, wakuu, kiulizo. Bora angenikata nikalala.

Tuliporudi nyumbani likizo, bibi yetu mzaa baba akanikuta nimejiinamia uani. Bibi alikuwa na utani wa mabibi wote.

"Mume wangu, nani kakununisha?"

Nikamwambia habari ya kiulizo. Hakuijua alama yenyewe, nikamchorea mchangani. Akaitazama.

"Hii ni ndoana," akasema. "Twende kwa Mwalimu Athumani akatwambie imenasa nini."

Mwalimu Athumani alikuwa mtu wa falaki. Msimfikirie mganga mwenye kaniki na tunguri. Alikuwa karani wa bandarini aliyestaafu, miwani, kanzu imepigwa pasi, na hesabu zake aliziandika nyuma ya fomu kuukuu za mizigo. Anachukua jina lako na jina la mama yako, anageuza herufi kuwa namba, anajumlisha, anagawa, anasoma nyota yako. Jina la mama, si la baba, kwa sababu mama ndiye mwenye hakika.

Tulimpelekea sukari, kama ilivyokuwa adabu. Ilikuwa baada ya alasiri, jua bado kali, mlango wazi, watu wanapita na baiskeli zao.

"Jina?"

"Bakari," akasema Bibi.

"Wa nani?"

"Wa Mwanahawa."

Nilikuwepo. Nimekaa mkekani pembeni yake. Nilisikia kabisa, na Mwalimu aliponitazama nikaitikia kwa kichwa.

Akahesabu. Akasita, akafuta, akahesabu tena. Mara ya tatu akachukua fomu nyingine safi. Kisha akauliza, bila kuinua uso:

"Huyu Bakari yu hai?"

Bibi akacheka. "Mwalimu nawe! Si huyu hapa, umekaa naye?"

Akavua miwani akaniangalia kwa muda mrefu, jinsi karani anavyoangalia mzigo usiofanana na karatasi zake.

"Anachaguliwa," akasema. "Jina lake litaitwa."

Bibi akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia.

"Lakini safari sioni."

"Safari ya Uganda?"

"Safari yoyote, mama."

Kisha akaisukuma ile sukari, taratibu, mpaka ikagusa goti la Bibi. Mtu wa falaki akikurudishia ulichomletea, kwetu hakuna anayeuliza maana yake.

Tulipofika barazani Bibi akanishika mkono akaniapisha nisimwambie mtu, hata Somo.

Tangu siku ile nikawa yai. Marufuku kuoga baharini. Marufuku kupanda mnazi. Marufuku baiskeli. Kila nilichokatazwa alitumwa Somo, naye alikuwa akinicheka: "Bibi amekuoa kweli sasa, anakuficha ndani." Nami nilicheka naye. Nilikuwa na hofu, wakuu, hofu ya mchana kweupe. Nilitazama mikono yangu nikijiuliza itakuwa lini.

Tulifanya mtihani. Niliufanya kama mtu anayeandika wasia.

Majibu yalikuja kwa posta wakati wa masika. Bahasha mbili, siku moja. Somo amechaguliwa. Mimi nimeandikiwa kwamba mwaka huu hapana, ila jina limewekwa akiba.

Jamani, sijawahi kuona mtu aliyefurahia mjukuu wake kushindwa kama Bibi. Alinivuta chumbani akanikumbatia akilia.

"Hukuchaguliwa! Sasa la kwanza si uongo? Basi na la pili uongo!"

Hoja ilikuwa nzuri. Hofu ikanitoka. Ila ilipotoka, wivu ukaingia, tena bila hodi.

Somo akasema kabla hajasafiri lazima aende Mwera akamuage mama Zaina, maana naye ni mama yake. Tulipanga kwenda wote. Asubuhi ile nikasema kichwa kinaniuma. Hakikuuma. Nilikuwa nimenuna, sikutaka kukaa mbele ya mama yangu mzazi nimtazame akimpongeza mwingine.

Akaenda peke yake kwa baiskeli. Mvua ikamkuta njiani, kwenda na kurudi. Akarudi anatetemeka, na salamu zangu na mkungu wa ndizi.

Homa ilimshika siku nne. Siku ya tano, saa nne asubuhi, hatunaye.

Sitaeleza hizo siku nne. Miaka yote hii bado siziwezi.

Tulimzika baada ya adhuhuri. Walipomaliza kufukia, watu wakachutama, sheikh akakaa kichwani pa kaburi kusoma talakini, yale maneno ya kumkumbusha maiti atakachoulizwa. Waislamu wa pwani mnajua, maiti haitwi kwa jina la baba. Sheikh akamnong'oneza baba mkubwa, akajibiwa, kisha akaita kwa sauti:

"Ewe Bakari, mwana wa Mwanahawa."

Wakuu, nusura niitike. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikilijibu jina hilo njiani.

Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi si mwana wa Mwanahawa. Mimi ni mwana wa Zaina. Ile alasiri tulipeleka jina lisilo langu, nami nikalikubali kwa kichwa.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Bibi amekaa na wanawake. Akanivuta pembeni, akauliza kama talakini imesomwa, maana wanawake hawaendi makaburini.

"Imesomwa," nikamwambia. "Kaitwa Bakari mwana wa Mwanahawa."

Akakaa chini palepale kwenye mchanga. Akasema, "Mwanahawa asijue." Hakujua mpaka anaondoka duniani. Yule aliyeninyonyesha ziwa la mwanawe nilimficha jambo hilo maisha yake yote, na alinipenda mpaka mwisho. Linaniuma kuliko nyie mnavyoweza kudhani.

Wiki chache baadaye ikaja barua. Nafasi ya marehemu iko wazi, aliye akiba aje. Aliye akiba ni mimi.

Kabla sijapanda garimoshi nilikwenda kwa Mwalimu Athumani, peke yangu, mikono mitupu. Sikumwambia lolote lililotokea, ila Ngamiani habari hazihitaji kuambiwa. Akachukua fomu na penseli.

"Jina?"

"Bakari."

"Wa nani?"

"Wa Zaina." Lilikuwa geni mdomoni mwangu.

Akahesabu mara moja tu.

"Safari anayo. Ndefu, na umri anao."

"Na kuchaguliwa?"

"Hakuchaguliwa."

Nikaitoa barua mfukoni nikaiweka juu ya mkeka. "Mwalimu, nafasi nimepewa. Hii hapa."

Hakuigusa. "Barua naiona," akasema. "Umeniuliza kuchaguliwa, nimekujibu."

Nilikwenda, nikasoma, nikahitimu. Nimefundisha mpaka nikastaafu, nimelea watoto na wajukuu. Najua kabisa malaria ni malaria na akiba ni akiba, na mtu mwenye akili ataipanga hadithi hii yote bila nyota. Hata mimi huipanga hivyo asubuhi nyingi. Lakini darasani, kila nilipoita mahudhurio na mtoto akachelewa kuitika, moyo ulikuwa unasimama.

Naona mkimaliza uzi huwa mnaandika "Somo:" na chini yake mafunzo mliyopata. Nimejaribu kuliandika hivyo tangu asubuhi, nimeshindwa. Kwangu Somo ni mtu. Hakuwahi kumuuliza yeyote nafasi yake ya chuo, alikaa akasoma, akapata. Aliyemuulizia ni mimi.

Kwa hiyo kijana unayengoja matokeo, ngoja tu, nami usiniulize, sitakupigia hesabu.

Karibuni mchangie. Na kama yupo humu aliyewahi kuishi kwa nafasi ya mwenzake, aandike hata mstari mmoja, nitausoma.