Mafungu Matano ya Manjano

Nilimwahidi shangazi yangu kwamba ningetafsiri kila neno lake kama alivyolisema, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa amepata meza kwa mara ya kwanza katika tamasha la sufu huko Hockley, Birmingham, na Kiingereza chake humkimbia mbele ya wageni.

Alipanga mafungu ya uzi aliousokota na kuutia rangi mwenyewe: kahawia ya hina, dhahabu tulivu ya maganda ya vitunguu, na katikati manjano kali, iliyotoka kwenye kopo la binzari la jikoni. Sufu ya meza ya jirani ilikwaruza kama kamba ya katani. Yetu ilikuwa laini, na bado ilinukia mafuta ya kondoo. Watu waliigusisha shavuni kabla ya kuuliza lolote.

Mwanamke mmoja wa makamo alikusanya mafungu yote matano ya manjano. Alitaka kumfumia blanketi mjukuu aliyekuwa akitarajiwa. Akaniuliza: rangi hii itadumu?

Nikatafsiri. Shangazi akacheka. "Muulize, keshaona mchuzi ukatoka kwenye kanzu? Mwambie haichuji, wallahi."

Kwa upande wa maji, alisema kweli. Lakini wiki mbili kabla, nyumbani kwake Newtown, nilikuta fungu kama hilo dirishani. Upande ulioelekea jua ulikuwa umepauka kama gazeti kuukuu. Nililigeuza, nikanyamaza. Sikutaka kumharibia furaha.

"Mbona umeganda, mwanangu? Au Kiingereza cha chuo kikuu kimekwisha?"

Mwanamke alitutazama kwa zamu, mafungu kayakumbatia kifuani. Nikatafsiri neno kwa neno, hata kile kiapo. Akashukuru, akaondoka. Ahadi nilikuwa nimeitimiza.

Nilimweleza shangazi tulipokuwa tukikunja kitambaa cha meza. Hakupaza sauti.

"Umeniacha niape uongo, na wewe unajua."

Tulikimbia hadi kituo cha basi, yeye mbele, mtandio mkononi. Hatukumwona yule mwanamke.

Ukikutana Birmingham na mwanamke mwenye blanketi la mtoto la manjano, tafadhali mwambie asiliweke juani. Likiwa limeshapauka, alirudishe kwetu. Shangazi atalitia rangi upya, safari hii kwa maganda ya vitunguu.