Tezi za Alinanuswe

Mwanangu Alinanuswe aliingizwa chumba cha upasuaji saa nane mchana. Saa nne usiku ilitukuta bado tuko kwenye benchi, mimi na wifi yangu Ferista, tunautazama mlango wa kijani. Saratani ilikuwa chini ya ulimi wake, katikati, na ilikuwa imeshuka shingoni. Kwamba atakatwa nilikwishakubali. Nilichokuwa nasubiri ni habari ya mate.

Asubuhi daktari alikuwa amemgusa chini ya taya kwa vidole viwili, huku na huku.

"Hapa kuna tezi moja, hapa nyingine. Ndizo zinazolowanisha mdomo muda wote, hata usipokula. Nikikuta ugonjwa haujazishika, naziacha. Hata moja ikibaki, ni nafuu kubwa."

"Zikitoka zote?" Alinanuswe aliuliza, ulimi mzito.

"Utatembea na chupa ya maji. Ugali utakukwama."

Mwanangu alikuwa mpokeaji wa kahawa kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika kule Ihanda. Mashine ya kupima unyevu ipo, lakini watu waliamini meno yake. Anachukua punje moja, anaing'ata, anaizungusha mdomoni, anatema. "Rudisha, uanike siku mbili." Mwaka juzi alinirudisha mimi, mbele ya foleni nzima, kiroba changu kichwani. Jirani yetu Yesaya akacheka sana.

"Mama Alinanuswe, huyu ulimzaa au ulimwokota?"

Mwanangu hakucheka. "Mama ni mama, kahawa ni kahawa."

Nilianika siku mbili nikiwa nimenuna. Moyoni nilijivuna, ila sikumwambia.

Kidonda kilipomtoka chini ya ulimi alikuwa na miaka thelathini na minne. Alitaka kwenda hospitali. Mimi nikasema ni kimeo. Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kikirefuka kinadondosha uchafu, uchafu unakula mdomo. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Nikampeleka Hasamba kwa bibi Jenista, anayekata vimeo kwa waya. Akakikata, akakwangua na kile kidonda, akapaka majivu. Nikampa jogoo. Shingo ilipoanza kuvimba nikasema ni mitoki ya kidonda, itashuka yenyewe. Nikaikanda kwa maji ya moto na chumvi kila jioni, miezi saba. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, ananyoosha shingo, anafumba macho. Kwenye kahawa hakunisikiliza hata mara moja. Kwenye hili alinisikiliza.

Ferista alipiga miayo, akajifunga khanga vizuri.

"Wifi, si ulale kidogo. Nitakuamsha."

"Silali."

"Leo ndiyo unakaa macho. Miezi saba ulikuwa umelala."

Ferista ni dada wa marehemu mume wangu, amembeba Alinanuswe mgongoni, na alichosema ni kweli.

Ilipokaribia saa tano mlango ulifunguliwa. Muuguzi alitoka na sinia, juu yake vikopo vitatu vyeupe vyenye vifuniko.

"Ndugu wa Alinanuswe?"

"Mimi mama yake."

"Imekwisha, mama. Anapumua vizuri, bado hajaamka. Hivi mnavipeleka maabara nyie wenyewe, dirisha la mwisho kule. Ni vya kupimwa."

Mikono yangu haikutaka kwenda mbele. Nikaisogeza.

"Hiki kikubwa?"

"Nyama ya ulimi na ya chini yake."

"Na hivi viwili?"

Aligeuza kimoja asome karatasi, kisha kingine. "Tezi za mate. Hii ya kulia, hii ya kushoto."

"Zote mbili?"

"Daktari alihangaika sana na ya kushoto, mama, aiache. Uvimbe ulikuwa umeishikilia. Angeiacha, angeacha na ugonjwa."

"Ungemwahi mapema..." Ferista alianza. Akanyoosha mkono apokee kimoja. Nilimnyima. Nilivibeba vyote vitatu kifuani, na muuguzi akarudi ndani, akafunga mlango.