Ngazi Kidogo Tu

Hoteli ile niliipigia simu mara tatu. Nasema hivi mapema, asije akatokea mtu wa kuniambia, "Lakini shangazi, si ungeuliza." Niliuliza! Mara ya kwanza nilimweleza dada wa mapokezi kwamba natumia kiti cha magurudumu tangu polio inikamate utotoni kule Karagwe, na kwamba nakuja kwenye sherehe ya posa ya binti wa kaka yangu. Mara ya pili nikauliza kuna ngazi ngapi. "Iko ngazi kidogo tu, mubyeyi," akanijibu kwa Kiswahili chetu cha Kigali, akiniita mzazi kwa heshima. Mara ya tatu nikaongea na meneja mwenyewe.

"Usiwe na wasiwasi," akasema. "Kwa walemavu sisi tuko tayari kabisa. Kuna kitu tumekuandalia."

Nikaamini. Mtu mzima, mvi kichwani, nikaamini.

Kwangu siku ile ilikuwa kubwa kuliko harusi yenyewe. Kaka yangu alifariki binti yake akiwa darasa la tano, nikamlea mimi. Katika ukoo wetu, upande wa mume ukishamaliza kuomba na kuzungushwa kwa maneno, shangazi ndiye anayetoka na binti na kumfikisha mbele ya wakwe. Kaka yangu akiwa kitandani hospitalini nilimwahidi kwamba mwanawe nitamtoa kwa mkono wangu. Basi wiki nzima tulifanya mazoezi uani kwangu Gahanga: yeye kaweka mkono begani mwangu, mimi nasukuma magurudumu polepole ili vazi lake la mushanana lisinaswe kwenye spoku. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia.

Na ua huo, niseme kabisa, una njia ya mteremko kutoka mlangoni mpaka getini. Aliijenga fundi wa hapo hapo Gahanga, ambaye hata kupima anapima kwa kamba. Nilimwonyesha kiti, akakikalia, akajisukuma mara mbili, akasema kaelewa. Siku mbili, kazi ikaisha. Sasa hebu niambie, hoteli ya Kiyovu yenye bustani ya waridi na mlinzi wa glavu nyeupe inashindwaje?

Asubuhi hiyo sikunywa chai wala maji. Wenzangu wa viti wanajua sababu: milango ya vyoo vya hoteli na kiti changu havijawahi kupatana. Tukafika. Kutoka maegesho hadi bustanini, ngazi za mawe. Nikazihesabu. Tisa! Hizo ndizo kidogo zenyewe.

Juu yake kasimama meneja, suti imemkaa, meno nje. Nyuma yake wanaume wanne wameshika ingobyi, ile machela ya kusukwa ya wazee wetu inayobebwa mabegani. Zamani ilimbeba bibi harusi kwenda kwa mumewe, na mgonjwa kwenda kutibiwa. Hii ilikuwa mpya, imewekwa mito, imefungwa riboni.

"Mubyeyi, karibu sana!" akasema. "Sisi mgeni mlemavu hatumpitishi mlango wa nyuma. Tunambeba kama malkia. Ni utamaduni wetu."

Damu ikanichemka. "Mwanangu, mimi si bibi harusi, wala siumwi. Nina kiti changu."

"Ni heshima, mubyeyi."

"Heshima ya nani?"

Akaitengeneza riboni ya machela. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alimaanisha. Angekuwa na dharau ningejua pa kumshika. Huyu alikuwa amekaa na wenzake wakawaza, wakaagiza machela kwa msusi, wakafanya mazoezi ya kubeba, na katika shughuli yote hiyo hakuna aliyetaja saruji, wala aliyempigia hata mtu mmoja mwenye kiti kumuuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, sawa. Lakini jamani, anayekilalia si yupo? Si ana mdomo?

Nikaomba basi wanibebe pamoja na kiti changu. Ni kizito, akasema, watu wake watateleza. Huko juu wakwe walishaketi, na msemaji wao alishaanza kukohoa kohoa. Nikamwona binti yangu dirishani, amevaa tayari, macho yamelowa, ananionyesha kwa mikono: shangazi, tafadhali.

Nikakubali. Wakaninyanyua. Nikashikilia mti wa machela kwa mikono miwili huku sketi ikipanda magotini, na wageni wakapiga vigelegele. Vigelegele vya mwali, napigiwa mimi! Simu zikainuliwa huku na huku. Nilikuwa nimekenua meno kwa hofu ya kuanguka.

Wakaniketisha kwenye kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa cheupe. Changu kikabaki chini, na mlinzi, kwa wema wake, akakifungia stoo kisije kikaibiwa. Kumbe mtu akikuchukulia kiti, kakuchukulia miguu. Saa ya kumtoa binti ilipofika nilikuwa pale pale waliponiweka. Alitoka ndani ameshikwa mkono na mke wa binamu yangu, mtu mwema tu, ambaye walikuwa wameonana labda mara mbili. Alipopita mbele yangu nikanyoosha mkono, naye akanyoosha wake. Vidole havikufikiana. Nikalia, na nyuma yangu mtu akasema, "Muone shangazi anavyolia kwa furaha."

Sherehe ilipokwisha nilimkabili meneja mbele ya watu, wala sikupunguza sauti. Alinisikiliza kwa adabu zote, mikono nyuma. Halafu akasema mzazi amechoka, akaagiza niletewe juisi. Juisi! Na choo chao kile!

Siku chache baadaye picha ikatokea kwenye ukurasa wa hoteli mtandaoni. Ni mimi, juu ya ingobyi, meno yote nje. Chini yake wameandika kwamba kwao kila mgeni anakaribishwa, walemavu wakiwa wa kwanza. Nikaandika pale pale kwamba ngazi ni tisa na njia ya mteremko hakuna. Wakafuta. Nikaandika tena, wakanifungia. Binti yangu akanisihi niache, nikaacha, na hilo najilaumu.

Maana mwezi uliofuata simu yangu iliita. Alikuwa msichana wa Mwanza, namba yangu kapewa na rafiki yangu wa huko, mwenye kiti naye.

"Shikamoo mama. Samahani kukusumbua. Mimi natumia kiti kama wewe, nimeolewa juzi juzi, na tunakuja Kigali kwa fungate. Tumechagua ile hoteli yenye picha yako."

"Umewauliza habari za ngazi?"

"Nimewauliza. Wamesema ziko kidogo tu. Nilitaka kusita, lakini nikaona unavyocheka kwenye picha. Nikamwambia mume wangu, kama yule mama kafurahi vile, na mimi nitafurahi."

Nikaisogeza simu karibu na mdomo.

"Ziko tisa, mwanangu," nikamwambia. "Na pale sicheki."