Mtoto Niliyemleta Kutoka Nakonde

Jamani, nichekeni tu. Wazazi walipotutoka, niliishia darasa la saba ili mdogo wangu Ezekia asome. Nilimwahidi akifaulu kidato cha nne atapata kompyuta ya kuchezea gemu. Akafaulu. Tuliiunga kwa vipande vya mitumba, ikabaki pawa saplai, kile kisanduku cha kuingiza umeme. Nilikipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, lakini hela ya ushuru sikuwa nayo. Nikafanya ujanja wa kwetu Tunduma: nikakivalisha kofia ya sufu, nikakifunga mgongoni kwa kitenge, nikavuka nikikibembeleza.

Siku hiyo mpakani walikuwa wanatoa chanjo ya matone.

"Dada, mtoto wako hajapata," nesi akanizuia.

"Amelala, mama. Amenisumbua usiku kucha."

"Nitamdondoshea hivyo hivyo. Kwanza nimpake wino kidoleni."

"Huyu anaogopa watu!" nilisema nikirudi nyuma.

Nesi akaingiza mkono kwenye kitenge, akashika alichodhani ni kidole, akavuta. Ukatoka waya mwekundu, mrefu, na plagi yake mwishoni.

Ofisa wa forodha akainuka taratibu kitini.

"Nesi, mwache," alisema. "Mtoto huyo ni wangu."