Ukiosha Kahawa, Ita Kwanza

Sisi tuliokulia huku juu ya Mbinga, upande wa kutokea Mbuji, kabla bomba halijatufikia, msimu wa kahawa tuliujua kwa masikio. Asubuhi, ukungu bado umelala bondeni, unasikia sauti kutoka juu kabisa: "Tunaoshaaa!" Basi hapo mama anaacha kila kitu. Ndoo zilizo tupu zinakimbizwa kijitoni, na nyumba ya chini yetu nao wanakimbia. Tukishajaza, mtoto mwenye mapafu mazuri anapanda juu ya jiwe na kujibu, "Tumetekaaa!" Kama bado, anajibu, "Subiriniii!" Na huko juu wanasubiri kweli. Kahawa imeshamenywa, imevundikwa, imechachuka mpaka pua inawasha, lakini hawaimwagii maji mpaka walio chini waruhusu.

Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Maji ya kuoshea kahawa yanateleza kama mlenda na yananuka, na kijito ni kimoja. Kwa hiyo uliye juu unamwita aliye chini. Ukisafisha banda la nguruwe, vilevile unaita. Nikiwasimulia vijana wa leo wanacheka: "Mama, si mngetumiana meseji tu!" Cheka, mwanangu. Nyie mtu akigonga mlango wenu mnaangalia simu.

Kwetu aliyekuwa anaita ni mdogo wangu, Koleta. Mwembamba kama mti wa kupandishia maharage, lakini sauti yake! Kulikuwa na akina mama wa Lundo waliokuwa wanapanda na usipa mkavu, dagaa wale wa ziwani, kuja kuuza huku. Siku moja wamekaa uani kwetu wanapumzika, Koleta akajibu simu yetu ya bondeni. Mmoja akashika masikio yote mawili. "Mama Koleta, huyu usimlete ziwani," akasema. "Atafukuza samaki wote waende Malawi!" Tulicheka mpaka mama akamwaga chai. Koleta mwenyewe akapanda tena kwenye jiwe, akaita mara ya pili bila sababu, kwa maringo tu.

Na maji yale yalikuwa laini, jamani. Yalikuwa baridi ya kuuma meno, na sabuni ukiigusisha tu, povu linafika kwenye viwiko. Mama alikuwa anabandika kande asubuhi, anaacha kuni mbili, tunakwenda mlimani kulima ngoro, yale mashimo yetu ya kupandia. Tukirudi, mahindi yamepasuka, maharage yamelainika, unakula na usipa uliokaangwa na nyanya. Shuleni tulibeba vidumu vya maji ya kumwagilia bustani ya mwalimu, na njiani tulimwagiana nusu, tukifika tunapigwa. Hata kupigwa kwenyewe kulikuwa na raha yake, maana nguo zilishalowa, fimbo inalia tu.

Halafu bomba likaja. Hapa sasa nitataja majina, na asiyependa aache kusoma.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Otmari. Ndiye aliyechagua mahali pa banio, kile kisanduku cha saruji kinachokinga maji na kuyaingiza kwenye mpira. Alilijenga kwenye kijito kilekile, chini ya shamba la Desderi, jirani yetu wa juu, ili mpira uwe mfupi na kazi iishe haraka. Wazee walimwambia apande juu, kwenye chemchemi. Akasema ni mbali. Siku ya ufunguzi alisimama mbele yetu na shati jeupe, akasema, "Ndugu zangu, haya sasa ni maji ya bomba. Mambo ya kuchemsha na kupiga kelele mabondeni ni ya zamani." Tukapiga makofi. Hata mama alipiga.

Bomba lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Unafungua hapohapo nje ya nyumba. Tulilichezea mpaka tukachapwa.

Msimu uliofuata, sauti zikaanza kupungua. Kila mtu alijiambia kwamba walio chini wana bomba, kijito hawakihitaji tena. Yaani maji yaliyopita ndani ya mpira tuliyaona kama yametoka nchi nyingine. Kosa hilo tulilifanya bonde zima. Lakini wenzetu wote walikuwa chini ya banio. Aliyekuwa juu yake alikuwa Desderi, naye alilipita kila siku akienda shambani.

Siku hiyo Desderi aliosha kahawa, na banda la nguruwe akalisafisha hukohuko. Hakuita. Sisi tumetoka shule, jua kali, tukainama bombani na viganja. Koleta akasema, "Dada, mbona yanateleza?" Nikamwambia labda ni uji wa mpira mpya. Tukanywa, tukaenda kucheza rede.

Usiku tumbo likatushika wote wawili. Tulilazwa mkeka mmoja. Baba alitupeleka zahanati kwa baiskeli ya jirani, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mimi nilirudi. Koleta hakurudi.

Desderi alikuja msibani na mkungu wa ndizi. Huyu kanisani alikuwa anaimba besi, ile ya kutikisa madirisha. Mama alikuwa amekaa chini katikati ya wanawake, hakulia, akamwangalia tu.

"Desderi, kila Jumapili sauti yako naisikia mpaka huku nyumbani. Siku ile ilikwenda wapi?"

Mwanaume akaangalia ndizi zake. "Mama Koleta," akasema, "nilijua mna bomba."

Mpaka leo nayasikia maneno hayo. Otmari alishakufa, akazikwa kwa heshima, na waliohutubia walisema ndiye aliyetuletea maji. Ni kweli, alituletea.

Sasa mji umekua, umetumeza. Banio lile lilibomolewa, bomba letu la leo linatoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Maji yanang'aa, hayatelezi, hayanuki. Lakini magumu! Sabuni inakatika vipande kama maziwa yaliyoharibika. Birika langu ndani limeota gamba jeupe, ukiligonga linadondoka kama plasta. Chai ina utando juu. Na maharage unachemsha kutwa, gunia la mkaa linakwisha, bado ni kokoto.

Alikuja kijana wa maji, nikampeleka jikoni kumwonyesha. Akasema kwa adabu, "Shikamoo mama. Maji yamepimwa, ni salama. Ni magumu tu."

"Marahaba. Hiyo 'tu' yako kaa hapa uisubiri iive."

Alicheka, na simlaumu, maana hajasema uongo. Lakini nyie akina mama wenzangu mnajua tunachofanya. Maji ya kande na ya kufulia tunakwenda kuchota kijitoni, kimyakimya, kama wezi. Na watoto wakienda pale wanakunywa. Na huko juu kahawa bado inaoshwa, mabanda ya nguruwe bado yanasafishwa, na hakuna anayeita, kwa sababu eti walio chini wana bomba. Tumerudi palepale. Ninaogopa kumwona mama mwingine amekaa chini kama alivyokaa wangu.

Mimi naita. Shamba la baba nimebaki nalo, na msimu uliopita, kahawa ikiwa tayari kuoshwa, nilisimama ukingoni nikaita, "Tunaoshaaa!" Mtoto wa kaka yangu alikuwa ananisaidia, msichana mkubwa, ana vidude masikioni. Akavitoa. "Shangazi, unamwita nani? Watu wote wana bomba."

Nilisikiliza. Enzi zetu bonde zima lingeitikia, nyumba kwa nyumba mpaka kule chini, na Koleta juu ya jiwe lake. Safari hii nilisikia pikipiki ya mtu na redio ya mtu.

Nikainua ndoo. Ndipo ikatoka sauti chini ya migomba, nzito, imepasuka katikati, sauti ya mtu mzima aliyechoka.

"Subiriniii!"

Niliitambua. Desderi alishauza shamba lake la juu likawa viwanja, sasa anaishi bondeni chini yangu kwa mwanawe. Tukikutana kanisani namwamkia shikamoo kwa kuwa mama alinilea hivyo, basi. Na yeye maharage yake hayaivi kwa maji ya bomba.

Nikaweka ndoo chini. Msichana akaniuliza, "Tunasubiri nini?" Nikamwambia, "Tunasubiri wateke." Kahawa inanuka, nzi wanatuzunguka, mgongo unaniuma, nikasubiri. Sijamsamehe. Lakini kuna wajukuu kule.

Baadaye ikapanda tena, pole pole, mpaka ikatufikia: "Tumetekaaa!"

Kumbe sauti anayo.