Walioshuka Wasipande Tena

Neno lililonikasirisha kuliko yote katika miaka yangu ya Johannesburg halikuwa tusi. Matusi yalikuwa ya kila siku, kwenye foleni ya kliniki na ndani ya teksi, na nilikwisha kujifunza kuyajibu kwa Kizulu. Neno lililonichoma lilikuwa sifa. Lilisemwa na mtu aliyenitakia mema, mbele ya watu waliovaa vizuri, na wakalipigia makofi.

Nilitoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, masomo yangu ya biolojia yakiwa yamekatika katikati. Dada yangu mkubwa na mume wake walinipokea kwao Bertrams. Shemeji alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa Malvern, kwenye barabara ya Jules, chumba chembamba kati ya spaza, duka dogo la vyakula, la Msomali na saluni ya Wakongo. Alishona suti. Wachungaji wa Kikongo walimletea vitambaa vya rangi ambazo mimi singethubutu hata kuzitandika kitandani, naye akawatoa wakiwa mabwana. Alikuwa mtu wa maringo kidogo, na alistahili.

Mei ya 2008 watu walipoanza kuvunja maduka ya wageni, Msomali alifunga akakimbia, Wakongo wakakimbia. Shemeji alibaki kufunga cherehani zake kwenye blanketi. Walimkuta hapo. Mmoja wao alikuwa mteja. Shemeji alikuwa amemshonea mtoto wake sare ya shule. Walimuuliza kazi yake ni nini, kana kwamba hawaoni. Akajibu, "Nashona." Ndipo walipomlaza, wakamwekea mkono wa kulia kwenye kizingiti cha mlango na kuukanyaga, mara nyingi, kwa makusudi. Kisha wakabeba cherehani.

Mkono ulipona vibaya. Vidole viwili havikukunjika tena, na kidole gumba kilipoteza nguvu. Baada ya miezi ya kukaa ndani akitazama ukuta, alipata kazi ya kulinda magari kwenye maegesho ya duka kubwa. Alivaa koti la kampuni lenye mabega yaliyoshonwa ovyo, na kila asubuhi nilimwona akiyatazama yale mabega kwenye kioo.

Mimi niliendelea. Nilimaliza shahada yangu, kisha profesa mmoja akanichukua kwa masomo ya uzamili. Alikuwa mwanamke wa hapa hapa Afrika Kusini, mchangamfu, aliyenitafutia ufadhili kwa kupiga simu moja baada ya nyingine hadi mtu akachoka kukataa. Sitaki mtu adhani alikuwa mbaya. Angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi.

Kazi yetu ilikuwa wanyama wadogo wanaoelea katika bahari ya kusini kabisa, karibu na barafu. Meli iliwavua kwa nyavu nyembamba, wakatiwa dawa, wakafika kwetu kwenye chupa. Johannesburg haina bahari wala ziwa la maana, na mimi nilikaa humo, pua ikiwasha kwa dawa, nikitazama bahari ya mbali kupitia hadubini. Wengi walikuwa kopepodi, mnyama wa jamii ya kamba, mdogo kama punje ya mchele au chini ya hapo, mwili wake wa kupenyeza mwanga. Ndani yake huonekana mfuko wa mafuta unaong'aa.

Mafuta yale ndiyo maisha yake. Kule, majira ya baridi huleta giza la miezi, bahari hufunikwa na barafu, na mimea midogo anayokula karibu yote hutoweka. Kwa hiyo wakati wa kiangazi aina fulani ya kopepodi hula bila kupumzika, hujaza ule mfuko, kisha hushuka mamia ya mita kwenda chini. Huko hatafuti chakula. Mwili wake hupunguza kila kitu, mafuta yakiungua taratibu. Mwanga unapokaribia kurudi, hupanda kutaga mayai. Aina nyingine hawashuki. Hubaki juu wakiokoteza chochote kinachopatikana. Krili, jamaa zao walio wakubwa zaidi, wakiwa wachanga hukwangua kijani kinachoota chini ya barafu, na krili wazima wakikosa chakula hupungua mwili wenyewe, wakawa wadogo kuliko walivyokuwa. Niliwapenda wanyama hawa. Nilikwenda kazini Jumapili bila kuambiwa.

Lakini kwenye chupa za majira ya baridi nilianza kuona kitu kingine. Maganda matupu. Maganda yenye nyama iliyokwisha kuanza kuoza kabla nyavu hazijawafikia. Hawa walishuka wasipande tena: mafuta hayakutosha, au walishuka wamechelewa, au waliliwa nusu. Walikuwa wengi mno.

"Hao waache," profesa aliniambia. "Wanatuvuruga. Sisi tunatafuta walioweza."

"Tutajuaje walioweza waliweza nini, kama hatuwatazami walioshindwa?"

Alicheka, akasema niendelee kama nina muda wa kupoteza. Nikaendelea.

Mwaka 2012 chuo kilifungua milango kwa umma Jumamosi moja mchana, na profesa akawa na mhadhara kuhusu wanyama wetu. Alinisihi nilete familia. Dada alivaa kitenge chake kizuri. Shemeji alivaa suti ya kijivu aliyojishonea kabla ya ile Mei, iliyokuwa nyumbani, ndiyo maana ikapona. Kiingereza chake kilikuwa cha maegesho, cha "karibu bosi" na "rudi nyuma kidogo", kwa hiyo nilikaa kati yao nikiwatafsiria kwa kunong'ona.

Profesa alizungumza vizuri, picha zikiwaka nyuma yake. Kisha akaweka pembeni karatasi zake.

"Wanyama hawa wanatufundisha kuzoea," alisema. "Majira yakibadilika, hawalalamiki. Wanashuka, wanatulia, wanasubiri mwanga. Na mfano hai ninao humu ndani." Akanyoosha mkono upande wetu. "Mwanafunzi wangu huyu na familia yake kutoka Burundi. Mwaka 2008 walipoteza kila kitu. Shemeji yake aliumizwa. Watazameni leo! Wamepita majira yao ya baridi."

Habari hizo nilimpa mimi mwenyewe, siku tulipokunywa chai na akaniuliza kwa upole. Ukumbi mzima ukageuka kututazama, ukapiga makofi. Shemeji, alipoona watu wanamtazama yeye huku wanatabasamu, naye akatabasamu. Akainua mkono kuwapungia. Ule mkono.

Kisha akaniinamia. "Shemeji, wananipigia makofi ya nini?"

Sikuweza kutafsiri. Muda wa maswali ulipofika nilisimama kabla sijaombwa.

"Hakuna mnyama hata mmoja kati ya hawa aliyejizoesha chochote," nilisema. "Wamekuwa hivi kwa sababu wasiokuwa hivi walikufa, kizazi baada ya kizazi. Na bado wanakufa. Ninawaona kila siku, na hawako kwenye picha zako. Jambo la pili. Majira hayana mikono. Waliokuja dukani kwa shemeji yangu walikuwa na mikono na miguu, na walimkanyaga mkono kwa sababu aliwaambia anashona. Mmoja wao tulimjua kwa jina. Hakuna aliyemkamata. Msituite tuliozoea. Hatukuzoea. Tulipigwa, na waliotupiga wanakunywa bia Malvern mpaka leo."

Watu walitazama magoti yao. Profesa akasema, "Asante kwa mchango huo," na shingo yake ikawa nyekundu.

Nje, dada alinishambulia. "Wewe una wazimu? Mtu anakusomesha, halafu unamvua nguo mbele za watu!"

Shemeji alitaka kujua nilichosema, nikamweleza chote. Tulitembea mpaka kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, tukasubiri.

"La mkono umelisema?"

"Nimelisema."

"Ungeniuliza kwanza." Taa ikabadilika, hakuvuka. "Lakini na yeye hakuniuliza. Na yeye alilisema kwa furaha."

Jumatatu profesa aliniita. "Nilikuwa nakusifu," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

"Najua. Ndiyo maana nilikasirika."

"Ulitaka niseme nini?"

"Kwamba tulishambuliwa. Kiingereza kina neno hilo."

Kwa majuma kadhaa tulizungumza kuhusu chupa tu. Ijumaa nilipokwenda kuswali msikitini Mayfair, hotuba ilikuwa ya subira, nami nikatoka na hasira yangu nzima. Profesa alipotaka nifute sura ya wanyama waliokufa katika tasnifu yangu, nilikataa. Alipotaka niisogeze nyuma kama nyongeza, nilikataa pia, nikamwambia akitaka anifukuze. Hakunifukuza. Watahini wa nje walisema ndiyo sura iliyowafanya wasome mpaka mwisho, naye, nimpe haki yake, alinisomea maneno yao kwa sauti bila kuruka.

Nilihitimu 2013. Shemeji hakuja. Msimamizi wake wa maegesho alimnyima ruhusa, akamwambia mahafali si msiba. Nilipiga picha na dada peke yake, nimekunja uso, na picha hiyo iko ukutani kwao hivyo hivyo.

Mwaka 2014 chuo kilinialika nitoe mhadhara mimi mwenyewe. Nilizungumza juu ya mafuta, giza, barafu inayoyeyuka mapema na mimea inayochanua kabla wanyama hawajapanda. Nilionyesha maganda matupu, moja baada ya jingine, mpaka baadhi ya watu wakaanza kujisogezasogeza kwenye viti. Mwishoni bwana mmoja mstaarabu wa safu ya mbele aliinua mkono. Alisema amesikia nimepitia mengi, akaomba niwasimulie kidogo safari yangu, ili vijana wapate moyo.

Nilimtazama. Nikanywa maji.

"Kuna swali lingine?" nikauliza.